Walivyotufungia Kiraka Chetu Wenyewe

Juzi kijana mmoja mwenye digrii mpya ya kompyuta alikaa sebuleni kwangu hapa Kinyerezi, akanywa chai yangu, akala maandazi yangu, kisha akaniambia, "Mama mkubwa, siku hizi hakuna ofisi makini inayotumia Linux ya bure. Hiyo ni ya watu wasio na bajeti." Ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo sikumfukuza. Lakini alipoondoka nilitafuta kalamu, na haya mnayoyasoma ndiyo yaliyotoka. Nyie mnaoingia sasa kwenye kazi ya kutunza seva, nisameheni mapema nikipandisha sauti. Hasira yangu ina sababu, na nitaieleza hata kwa yule asiyejua seva ni nini.

Seva ni kompyuta kama zingine, ila haizimwi na hakuna mtu anayekaa mbele yake. Inazihudumia kompyuta nyingine. Mie, jina langu Tatu, nilizitunza seva za bohari moja ya dawa Temeke kwa miaka ishirini na ushee, mpaka nilipostaafu. Bohari ilipokea dawa na kuzigawa kwa zahanati na hospitali ndogo. Tawi letu lilikuwa Ubungo, na stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamia Mbezi Luis na sie tukahamisha tawi, maana dawa za mikoani zilisafiri kwa basi, ndani ya makasha ya baridi.

Dawa nyingi zinavumilia joto la mji huu. Insulini na chanjo hazivumilii. Hizo zilikaa kwenye vyumba vya baridi, na kila chumba kilikuwa na vipimajoto vilivyounganishwa kwa waya na seva. Joto likipanda, seva inapiga kelele na kutuma ujumbe kwenye simu zetu. Ikinyamaza, tunaamini kuna baridi. Hatukuwa na njia nyingine ila kuamini.

Seva zenyewe ziliendeshwa na Linux. Huo ni mfumo endeshi, programu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Hauna mwenyewe mmoja. Umeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na maandishi yake ya ndani, ambayo sie tunayaita msimbo, yako wazi: unaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzako. Lakini Linux mbichi haifai ofisini. Lazima mtu aikusanye, aijaribu, aipange na programu nyingine, kisha aendelee kuitunza miaka kwa miaka. Mkusanyo wa namna hiyo tunauita distro.

Kulikuwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, jina siwapi, yenye distro iliyoaminiwa sana maofisini. Unalipa kila mwaka, wanakuhudumia. Na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wa kujitolea waliuchukua uleule, wakatoa jina na nembo ya kampuni, wakatengeneza distro pacha iliyofanana na ya kulipia kila kitu, wakaigawa bure. Bohari yetu ilitumia pacha. Ofisi nyingi nilizozijua mjini hapa zilitumia pacha.

Na nisiwaonee watu. Kampuni ile iliajiri waandishi wengi wa hiyo Linux na ikawalipa vizuri. Mzee Kihwelo, aliyenifundisha kazi, hakupenda mtu aitukane. "Kuuza huduma si dhambi," alikuwa akisema. "Mimi mwenyewe nauza huduma, ndiyo maana mwisho wa mwezi napokea mshahara."

Huyo Mzee Kihwelo alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mtaratibu, anayevaa sweta mwezi wa kwanza Dar es Salaam kwa sababu ya kiyoyozi cha chumba cha seva. Wiki yangu ya pili kazini nilitaka kuzima kompyuta yangu niende kula. Nikaandika amri ya kuzima. Sikuangalia kwamba dirisha la skrini nililoandikia lilikuwa limeunganishwa na seva ya Ubungo. Kompyuta yangu ikaendelea kuwaka kama kawaida. Nikaona ajabu. Wakati nasogea kuiandika amri ile mara ya pili, simu ya mezani ikalia.

"Nani kaizima Ubungo?" Mzee aliuliza baada ya kusikiliza.

Uso wangu ulijibu. Hakunigombeza hata kidogo. Alitoa nauli mfukoni kwake.

"Binti, nenda ukaiwashe kwa kidole chako. Na ukifika, umwambie mfamasia kwamba ni wewe."

Kutoka Temeke mpaka Ubungo, saa saba mchana, na foleni ile, nilipata muda wa kutosha kujifikiria. Tangu siku hiyo madirisha ya seva niliyapaka rangi nyekundu, la kompyuta yangu jeupe. Fanyeni hivyo leo, msingoje kupewa nauli.

Mfamasia niliyekwenda kumwomba radhi aliitwa Leonida, mama wa Kihaya mwenye macho makali na kicheko cha ghafla. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni, akasema, "Angalau umekuja mwenyewe." Tukawa mashoga mpaka leo.

Ni huyo Leonida aliyenipigia simu Jumamosi moja asubuhi, miaka kadhaa baadaye.

"Tatu, seva yako inasema chumba cha baridi kina nyuzi nne."

"Ndiyo, naiona hapa. Nne."

"Basi mkono wangu ni mwongo. Njoo."

Nilipofika na Mzee Kihwelo, Leonida alikuwa ameweka kipimajoto cha kioo, kile cha zamani, juu ya kasha la insulini. Kilisoma kumi na nne. Mashine ya kupoza ilikuwa imekufa tangu jana yake, na seva ikaendelea kutuandikia nne, nne, nne, bila aibu. Ilibidi shehena yote itengwe. Leonida alikaa kwenye ngazi ya stoo na orodha ya zahanati zilizokuwa zikisubiri. Moja ilikuwa Tandale, na alimjua kwa jina binti wa miaka tisa anayeishi kwa sindano hizo. Alipiga simu hospitali moja baada ya nyingine, akiomba kuazimwa chupa mbili hapa, tatu pale. Alipata. Yule binti hakukosa. Lakini mie nilikaa karibu naye nikihesabu simu zake, na nilijua kuwa aliyemwambia "nne" ni seva yangu.

Sie tulichofanya, na hapa ndipo nataka mnisikilize, ni kufungua msimbo na kuusoma. Siku tisa. Mzee anasoma, mie namtajia namba kutoka kwenye kumbukumbu za seva, tunakunywa chai ya tangawizi, tunabishana. Siku ya tisa akavua miwani.

"Imepatikana. Hii mashine inaona haya kusema haijui."

Ilikuwa hivi. Kuna kipande kidogo cha Linux kinachopokea namba kutoka kwenye waya wa kipimajoto. Waya ukichelewa kujibu, kile kipande kilipaswa kusema sina jibu. Badala yake kilirudisha jibu la mwisho kilichowahi kulipata. Kipimajoto chetu kilikuwa kimekatika pamoja na mashine, na seva ikaendelea kutuimbia nne. Mzee aliandika mistari mitatu ya marekebisho. Marekebisho madogo kama hayo tunayaita kiraka. Tukakijaribu kwa kuchomoa waya: seva ikalia palepale, na Leonida akapiga makofi kwenye simu.

Tungeweza kuishia hapo. Mie nilitaka tuishie hapo, nilikuwa nimechoka. Mzee akakataa. Alikaa nusu siku nzima akiandika barua kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, akaeleza hitilafu, akaambatanisha kiraka, akaituma kwenye jukwaa la wazi la watunzaji wa Linux mtandaoni. Kichwa cha barua aliandika: Kipimajoto kinadanganya. Nilimwambia hicho si kichwa cha kitaalamu. Akasema, "Ndicho kilichotokea."

Watu wasiotujua walijibu. Mmoja akasahihisha mstari wa pili, mwingine akauliza maswali. Baada ya wiki chache kiraka kikapokelewa, kikaingia kwenye Linux yenyewe, kikaingia kwenye distro ya kampuni, kikarudi kwetu kupitia pacha. Mzee Kihwelo alichapisha ukurasa wenye jina lake, akampelekea mkewe nyumbani Yombo. Mkewe akauliza, "Wamekulipa?" Akasema, "Hapana, ila sasa hata Japani kipimajoto hakitadanganya." Mama wa watu akaenda kupika.

Sasa basi. Siku moja tukasikia kampuni kubwa imewachukua watu wa pacha na kuwaweka chini ya paa lake. Tangazo lilikuwa limejaa maneno matamu: mtaendelea kupata kila kitu, hakuna kitakachobadilika. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Alilisoma mara mbili.

"Kama hawabadilishi kitu," akasema, "wamewachukua wa nini?"

Mie nilicheka. Nilimwona mzee anazeeka.

Akastaafu, akarudi Iringa, na baada ya miaka michache tukapigiwa simu kwamba ametutoka. Nikabaki na seva peke yangu. Toleo jipya la pacha likatoka, na ahadi iliyoandikwa wazi kuwa litatunzwa kwa miaka mingi. Nikamwandikia meneja barua: tuhamie huku, tutakaa kwa amani mpaka nistaafu na baada ya hapo. Nikaweka saini. Tukahama, kazi ya miezi minne. Kabla lile toleo halijatoka hata utotoni, likaja tangazo jingine: mwisho wake ni mwakani. Ahadi imefutwa. Anayetaka utulivu, anunue ya kulipia.

Meneja wetu, mtu mpole asiyependa makelele, aliniita ofisini. Barua yangu ilikuwa mezani.

"Bi Tatu, saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hao waliokuahidi, saini yao iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na ukurasa wa mtandao tu, na ukurasa wenyewe walikuwa wameshaubadilisha. Nimedhalilika mara chache maishani. Ile ilikuwa mojawapo, na hasira yake ninayo mpaka leo, siifichi. Mtu akikuambia tangu mwanzo kwamba hiki kinauzwa, hujaonewa. Akikuambia chukua, hamia, jenga nyumba yako humu, halafu ukishaezeka ndiyo anakuja na bei ya kiwanja, huyo amekukamata.

Kisha wakaongeza la pili. Msimbo wa distro yao, ambao kila mtu alikuwa akiupata, sasa utapewa wateja tu. Sheria ya Linux inasema aliyepewa msimbo ana haki ya kumpa mwenzake. Wao hawakusema haki hiyo haipo. Walisema ukiitumia, wanaweza kuvunja mkataba na wewe. Mlango hawakuufunga, wamemweka mbwa mlangoni.

Wakala wao hapa mjini alikuwa kijana aitwaye Denis, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Ofisi ilikubali ajaribu toleo lao kwenye seva ya tawi la Mbezi kwa miezi michache kabla ya kununua. Wiki ya tatu Leonida akanipigia. Tangu ile Jumamosi alikuwa hajaacha kukagua kwa kipimajoto cha kioo kila asubuhi na kila mchana, hata watu walipomcheka.

"Tatu, rafiki yetu amerudi. Seva inasema nne, kioo kinasema saba, na hiyo nne haijabadilika tangu asubuhi."

Hatukupoteza dawa, Leonida alihamisha makasha palepale. Mie nikakaa kwenye kompyuta kutafuta. Walikuwa wameandika upya kile kipande kinachopokea namba, na kiraka cha Mzee kikaachwa nje. Sawa, watu hukosea. Nikatafuta kwenye kurasa zao za msaada kama kuna aliyeripoti. Ulikuwepo ukurasa mmoja. Kichwa chake: Kipimajoto kinadanganya. Kwa Kiingereza kilekile cha shule ya misheni. Chini yake mistari miwili ya mwanzo ya barua ya Mzee Kihwelo, kisha mstari mwekundu: kuendelea kusoma, ingia kwa akaunti ya mteja.

Nilimpigia Denis.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Denis, kuna ukurasa wa kampuni yenu nataka niusome."

"Hamna shida, Mama. Huo ni wa wateja waliosaini. Mkishasaini tu mnapata akaunti, mnasoma zote."

"Aliyeuandika ni bosi wangu."

Akacheka kidogo. "Kumbe una mtu ndani ya kampuni?"

"Bosi wangu yupo kaburini, Iringa. Aliuandika hapa Temeke, chumba cha pili kutoka hapa nilipokaa. Mie nilikuwa namtajia namba."

Akasema, "Mama, nakuelewa kabisa. Ila mfumo ndivyo ulivyo."

Mfumo ndivyo ulivyo! Wanangu, mkiisikia sentensi hiyo, jueni mnayezungumza naye ameshachoka kufikiri. Mfumo umeandikwa na mtu. Kama umeandikwa na mtu, kuna mtu wa kuulizwa.

Nilikwenda Mbezi nikammwagia Leonida yote. Nikasema wezi, nikasema wamemfungia marehemu kwenye kabati lao, nikasema elimu iliyotolewa bure inauzwa kwa aliyeitoa. Leonida alikuwa anapanga barafu kwenye makasha ya basi la Mbeya. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Na daftari lako liko wapi?" akauliza.

"Daftari gani?"

"Lile la kengele. Ulipokwenda Lindi kwenye msiba wa baba yako, kengele ilikufa siku nne. Hakuna aliyejua kuiwasha. Tulijua umeandika kila kitu kwenye daftari, na daftari liko kwenye droo, na droo imefungwa, na ufunguo unao Lindi. Nililala stoo na kipimajoto changu cha kioo. Sikukwambia, ulikuwa na msiba."

Daftari lile nililifungia makusudi. Nilikuwa nimemwona jirani yetu wa idara ya fedha akipunguzwa kazini baada ya kumfundisha mwenzake kila alichokijua, nikajiambia mie hawanipati hivyo. Na kwenye lile jukwaa la wazi, ambako nilisoma majibu ya watu kwa miaka karibu ishirini, sikuwahi kumjibu mgeni hata mmoja. Nilichota, nikanyamaza. Ofisi zetu nyingi ndivyo zilivyo: tunakula pacha la bure, hatutumi kiraka, hatuandiki hata asante, kisha siku wenye nacho wakifunga tunalia kama tuliibiwa mali yetu. Tuliibiwa kweli. Lakini hatukuwa tumekaa mlangoni kulinda.

Siku ileile niliifungua ile droo. Daftari nikalinakili lote, nakala moja Temeke ukutani, moja Mbezi kwa Leonida, na moja kwenye seva ambako mfanyakazi yeyote angeisoma. Mtaambiwa kwamba mkifanya hivyo hamtahitajika tena. Mie nilihitajika zaidi, maana kwa mara ya kwanza watu walikuja na maswali ya maana.

Kisha nikaandika kwenye jukwaa. Wakati ule washindani wa kampuni walikuwa wameshaanzisha mapacha mapya, si moja. Wengine walikuwa watu wa kujitolea, wengine kampuni zilizoona wateja wenye hasira na kutaka kuwachukua. Sijidanganyi kuhusu mioyo yao. Kila mmoja alikuwa na lake. Lakini kwa kuwa walishindana, kila mmoja alitaka kuonekana ndiye aliye wazi zaidi, na huko kushindana ndiko kulikotufungulia sie. Niliuliza: kuna mwenye barua ya Elia Kihwelo, juu ya kipimajoto? Kabla ya saa ya chakula cha mchana Mbrazili mmoja aitwaye Paulo alinijibu. Aliitoa kwenye kumbukumbu za wazi za zamani, barua nzima, maswali na majibu, na mistari mitatu. Chini akaandika kwamba majokofu ya benki ya damu anayofanyia kazi yanategemea kiraka kile tangu hapo, na je, ninamfahamu huyo bwana?

Nilimjibu kwamba namfahamu. Nikasema amekufa. Halafu nikaenda chooni nikajifungia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mimi na Paulo tulikilinganisha kiraka na msimbo mpya, ambao kwenye mapacha ulikuwa wazi. Haikuwa kazi ndogo, mistari mitatu ikawa kumi na moja, na mara mbili niliivuruga seva ya majaribio mpaka ikakataa kuwaka. Nilipopata, nilitumbukiza kipimajoto kwenye chupa ya chai ya moto, namba zikapanda. Nikachomoa waya, kengele ikalia. Nikakituma kiraka hadharani, jina la Mzee likitangulia, langu na la Paulo yakifuata. Nakala nikampa na Denis, awapelekee wakubwa zake, kwa sababu insulini ya wateja wao haina kosa.

Kikao cha kuamua kilikuja. Meneja, mkaguzi, Leonida, Denis na mie.

"Tukinunua ya kampuni," meneja akauliza, "ikiharibika analaumiwa nani?"

"Kampuni," Denis akajibu haraka.

"Basi mimi nalala usingizi."

"Insulini ikipata joto haiulizi nani alaumiwe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyokusudia. "Mkitaka kununua, nunueni, wana wataalamu wazuri. Lakini nunueni mkijua mnachonunua. Na pale penye maisha ya mtu, mie sikai na kitu nisichoruhusiwa kukifungua na kumwonyesha mwenzangu."

Mkaguzi akauliza namaanisha nini hasa. Nikamwomba Denis asome kwa sauti kile kifungu cha mkataba kuhusu kumpa mwingine msimbo. Alisoma. Alisoma vizuri, ila alipofika mwisho hakuinua macho. Leonida akasema, "Kwa hiyo Tatu akitengeneza kitu kinachookoa dawa, akampa mwenzake wa Morogoro, sie ndio tunakatiwa huduma?"

"Inawezekana, Mama," Denis akasema. "Sijawahi kuona wakifanya. Ila inawezekana."

Hatukushinda yote. Seva za ofisi, za mishahara na manunuzi, zilikwenda kwa kampuni; meneja alitaka usingizi wake. Vyumba vya baridi vyote, Temeke na Mbezi, vikabaki kwenye pacha jipya lililo wazi, na kwenye bajeti tukaandika kwa mara ya kwanza mchango wa kila mwaka kwa wanaolitunza. Huo mchango niliupigania kuliko kitu kingine. Mie sikusaini ule mkataba, alisaini meneja. Kampuni ilirekebisha hitilafu ile kwenye toleo lililofuata. Ule ukurasa, mara ya mwisho nilipoutazama, bado ulikuwa umefungwa.

Nimestaafu, lakini jukwaani bado naingia kila asubuhi baada ya chai. Mwaka huu mtu mmoja aliandika pale kwa Kiswahili. Ni sista anayetunza kompyuta za hospitali ya misheni huko kusini, hajasomea, amejifundisha kwa kuhangaika. Aliuliza swali refu kuhusu jokofu la chanjo, akaomba radhi mara tatu kwamba Kiingereza chake hakitoshi. Nilimjibu palepale, hadharani, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili. Akarudi na swali jingine, nikajibu. Siku ya pili bwana mmoja wa Ulaya, mtu wa zamani pale, akatuandikia kwa adabu nyingi: hili ni jukwaa la wazi, tafadhalini tumieni Kiingereza ili wote waelewe.

Nilimjibu kwa Kiswahili. Nikamwambia mie nilikisoma Kiingereza chake kwa miaka zaidi ya ishirini ili nipate kuwaelewa, na kama jukwaa ni la wazi kweli, basi na yeye aanze na shikamoo.

Sista aliuliza swali la tatu siku hiyohiyo. Safari hii hakuomba radhi.